Muhuri Niliobeba Hadi Magu

Mkuu wa kitengo chetu cha Kijerumani, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuandika barua yake ya kwanza kwa lugha hiyo, amenipigia simu akaniomba niwaandikie ninyi mnaoanza mwaka wa kwanza maneno ya kuwatia moyo kuhusu ufadhili. Nimemkubalia kwa sababu ni mtoto wangu, na kwa sababu mstaafu akipigiwa simu na watu wa kazini hujiona bado yumo. Lakini maneno ya kutia moyo sina mengi. Ninayo ya kuwatia akili, na mengine ya kuwahuzunisha, na yote nitayachanganya kadiri yatakavyonijia.

Jina langu ni Kokugonza. Wanafunzi walinifupisha wakaniita Mwalimu Koku, nami nikazoea. Nimefundisha Kijerumani hapa Mwanza mpaka nikastaafu, na juu ya kufundisha, mambo ya ufadhili yote yalikuwa kwangu: kutafuta nafasi, kusoma masharti, kuwaandaa watu kwa usaili, kugonga muhuri wa idara, na kufuta machozi. Hilo la mwisho halikuwemo kwenye mkataba. Mimi ni Mhaya, nawaambia mapema kabla hamjaambiwa na wengine, na mnajua nchi nzima inavyotutania sisi kwa kujisifu. Sikatai. Katika kazi ile kujisifu kulinifaa, maana nusu ya usaili ni mtu kukaa mbele ya wageni na kusema kwamba anaweza. Wengi wa wanafunzi wangu walikuwa watoto wa Kisukuma waliolelewa kuona haya kusema hivyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Magesa, Mjita mmoja mrefu, mkali, aliyekuwa akivaa sweta hata jua la Oktoba. Siku yangu ya kwanza alinipa karatasi za wafadhili nizisome. Nikaanza ukurasa wa kwanza, kama mtu yeyote. Akaninyang'anya.

"Anza nyuma," akasema. "Huku mbele ni picha za watu wanaocheka. Mambo yako nyuma."

Na kweli yalikuwa nyuma. Tarehe ya mwisho, idadi ya saini, cheti gani kinatakiwa kutafsiriwa, nani anatakiwa kugonga muhuri, yote hayo huandikwa pale ambapo msomaji ameshachoka na ameshaanza kujiona yuko kwenye ndege. Tangu siku ile sijasoma masharti kuanzia mbele, na ninyi msisome hivyo. Siku hizi mnasomea kwenye simu, basi telezesheni kidole hadi chini kabisa kwanza, halafu mpande taratibu.

Jambo la pili alilonifundisha lilinichukua miaka kulikubali. "Koku," aliniambia, "hawa hawatafuti maskini. Maskini wapo tele. Wanatafuta mtu atakayewafanya waonekane hawakukosea kumchagua." Niliona ni maneno ya mtu aliyekufa moyo. Kisha akaja kijana mmoja, Deus, akaandika barua yake ya kueleza nia bila kunionyesha. Ilikuwa ya paa linalovuja, baba aliyeikimbia familia, na mama anayeuza dagaa Mkuyuni kuanzia alfajiri. Kila neno lilikuwa la kweli. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa kusema anataka kusoma nini huko wala akirudi atafanya nini. Aliponiletea nakala nikaisoma, nikalia kidogo.

"Unadhani itawaliza, mwalimu?" akaniuliza, ana matumaini.

"Itawaliza," nikamwambia. "Watafuta machozi, halafu watampa mwingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Andikeni mpango wenu. Umaskini wenu wataukuta wenyewe kwenye vipengele vingine.

Siwezi kuwaacha bila habari ya Nyanzobe, maana mkuu wenu wa kitengo ataniuliza mbona nimeandika kama niko msibani. Usaili ulipohamia kwenye kompyuta nilipata kazi mpya. Nilikuwa nawafundisha watu kutazama kile kijicho cha kamera, siyo nyuso zilizo kwenye kioo, na kutafuta chumba chenye umeme wa uhakika, na kufunga mlango ili jogoo asiingie. Nyanzobe nilimwandaa mpaka nikaridhika. Alikuwa binti aliyelelewa na bibi yake, mwenye adabu zote. Siku ikafika, uso wa profesa mmoja mwenye mvi ukatokea kwenye kioo, na Nyanzobe akainuka kwenye kiti, akapiga magoti kumwamkia. Kule Ujerumani wakabaki wanatazama ukuta wetu na kalenda ya benki. Nilimsikia profesa akiuliza kama mtandao umekatika. Kutoka chini sakafuni sauti ya Nyanzobe ikamjibu, kwa Kijerumani safi kabisa, kwamba mtandao uko vizuri, anamsalimia tu. Alipata ile nafasi. Alienda, akarudi, akaolewa Shinyanga, na sijui kama ameshawahi kukitumia tena Kijerumani chake.

Hilo nalo mlijue. Wapo waliokwenda na kurudi na hakuna kilichobadilika. Nina mmoja, Bahati, ana duka la makava ya simu Igoma. Mgeni Mjerumani akipita hapo akiwa amepotea, Bahati humwelekeza kwa Kijerumani ambacho mgeni hakukitarajia kabisa, halafu hurudi kukaa kwenye stuli yake. Nilimkuta siku moja nikamwambia nimejivunia. Akasema asante mwalimu, akaniuliza kama nataka na kioo cha kulinda simu. Nikanunua.

Basi. Habari niliyokaa kuwaandikia hasa ni ya Sabina.

Zamani, enzi za Mwalimu Magesa, majibu ya wafadhili yalikuja kwa posta hadi idarani. Magesa aliyafungua mbele ya watu, akabandika jina la aliyepata kwenye ubao wa matangazo, na jengo zima likapiga vigelegele. Aliyepata hakuwa na namna ya kuficha. Mambo yake yote yaliyobaki, viza, pasipoti, bima, yalifanywa na watu wengi: huyu ana mjomba uhamiaji, yule ana dada Dar wa kumlaza. Kisha mfumo ukabadilika. Majibu yakaanza kuingia kwenye simu ya mwanafunzi mwenyewe, kimyakimya, na idara haikuambiwa kitu mpaka mwanafunzi aseme. Tulipongezwa kwamba sasa kuna usiri. Mimi nilikuwa wa kwanza kupongeza.

Sabina alitoka Magu. Baba yake alikuwa mkulima wa pamba, alifariki Sabina akiwa mdogo. Mama yake analima mpunga na kuuza mchele kando ya barabara ya Musoma. Katika miaka yangu yote sikupata mwanafunzi kama yule. Wengine walijifunza Kijerumani kama mtu anayebeba mzigo. Yeye alijifunza kama aliyekuwa anakikumbuka. Alitaka kusomea ualimu wa lugha, arudi aandike kitabu cha kufundishia Kijerumani kwa Kiswahili, maana vile tunavyotumia vinaeleza kila kitu kwa Kiingereza, kana kwamba mtoto wa Magu ana deni la kupitia London kwanza. Maneno hayo ya London ni yake. Nafasi ilikuwa moja kwa kanda nzima, masomo ya uzamili, gharama zote. Nilimwandaa kwa usaili, nikamfundisha kusema "naweza" bila kutazama chini, na alipotoka kwenye usaili ule nilijua.

Majibu yakatoka wakati wa likizo fupi. Sikusikia kitu. Chuo kikafunguliwa, Sabina akarudi darasani, akawa anaketi dirishani kama kawaida. Nikadhani amekosa na anaona uchungu, nikamwacha apumue.

Jumatano moja nikapigiwa simu na Bi Hilde, mama wa Kijerumani aliyekuwa akishughulikia wanafunzi kutoka ofisi ya wafadhili Dar. Tulikuwa tunafahamiana kwa sauti tu.

"Mwalimu, yule Sabina wako ameghairi?"

"Ameghairi nini?"

"Tulimchagua. Hajathibitisha. Anatakiwa atie saini kwenye mfumo na aweke fomu yenye muhuri wa idara yenu. Ijumaa jioni tunafunga, na nafasi inakwenda kwa mtu wa akiba."

Muhuri ule ulikuwa kwenye droo yangu, karibu na goti langu. Nilitoka ofisini karibu ninakimbia. Sabina nilimkuta kwenye korido na wenzake wanasubiri kipindi. Nikamwuliza hapohapo, kwa furaha, mbona amepata ufadhili hasemi.

Akanitazama. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapana mwalimu. Mimi sijaomba kitu."

Nilikuwa nimekaa naye wiki kadhaa namwandaa kwa jambo hilo analosema hakuliomba. Wenzake walikuwa wanatutazama. Baadaye watu waliniambia sikupaswa kuuliza mbele za watu. Huenda. Kwetu habari njema huulizwa mbele za watu, hiyo ndiyo raha yake. Nikamwambia aje ofisini baada ya kipindi. Hakuja. Mchana ule alipanda gari kwenda kwao, na simu yake ikawa haipatikani.

Wenyeji wa huku mnajua tayari kilichokuwa kinaendelea. Kwa ambao hawajui, nawaeleza. Kwa watu wengi wa kanda hii, jambo jema halisemwi mpaka limekamilika. Safari haitangazwi mpaka mtu ameshafika anakokwenda. Ukiisema mapema, unaianika, na ikianikwa kuna wenye kijicho, na wenye kijicho wana njia zao. Mimi siwezi kuwacheka wanaoamini hivyo. Niliwahi kucheka zamani, lakini siku iliyofuata Jumatano ile ilinitoa kicheko.

Alhamisi nilitia muhuri na kidau cha wino kwenye mkoba, nikachapisha fomu, nikaenda Magu. Nilijiambia kwamba Sabina akitia saini hapohapo, nikapiga picha kwa simu, tutakuwa tumemaliza kabla chai haijapoa.

Mama yake nilimkuta kando ya barabara, amekaa nyuma ya masado, vile vindoo vya kupimia mchele, katikati ya safu ya wanawake wengine wanaouza kama yeye. Watu wanamwita Mama Masanja. Nilimsalimia kwa Kisukuma changu kibovu, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akanifutia kigoda kwa kanga, akamtuma jirani aniletee michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Nikasubiri nimeze tonge la kwanza.

"Mama Masanja, nimekuja kwa habari ya Sabina."

"Sabina hajambo."

"Nimeambiwa kuna jambo amepata."

"Hajapata jambo, mwalimu. Hapa hakuna safari."

Sikuwa nimetaja safari. Tukatazamana, na wote wawili tulijua hivyo. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wanachagua mawe kwenye mchele, wamekaa kimya kuliko inavyohitajika kwa kuchagua mawe.

Nikajaribu njia nyingine. Nikasema, "Nina mwanafunzi wangu mmoja, siyo wa hapa. Wa Sengerema."

"Enhe."

"Amepewa nafasi kubwa, na kesho jioni inafungwa. Anatakiwa kutia saini tu. Lakini mama yake anaogopa."

"Huyo mama wa Sengerema ana sababu," akasema.

"Sijakataa."

Akachukua konzi ya mchele, akaumimina tena taratibu kwenye sado, akaanza kunisimulia, macho yako barabarani. Huyo mama wa Sengerema, alisema, alikuwa na kijana wake wa kwanza. Kijana akapata kazi mgodini. Nyumba nzima ikafurahi, wakachinja mbuzi, wakaita majirani, mchungaji akaja akaomba, kila mtu akajua tarehe ya kuondoka. Kabla ya tarehe hiyo kijana akashikwa na homa. Wakamkimbiza hospitali wakaambiwa malaria imepanda kichwani. Wakamzika na viatu vipya alivyonunuliwa kwa ajili ya kazi.

"Waliokula mbuzi ndio waliochimba kaburi," akasema. "Huyo mama aliwatazama mmoja mmoja wakichimba. Mpaka leo hajui ni nani."

Ningeweza kumwambia malaria ni mbu. Yeye mwenyewe alijua malaria ni mbu, alikuwa na chandarua kilichoanikwa kwenye kamba nyuma yetu. Swali lake lilikuwa mbu huyo alitumwa na nani, na kwa swali hilo chuo chetu hakina idara. Nikaweka kikombe chini.

"Pole sana, mayu," nikasema. "Mpelekee pole yangu huyo mama."

"Nitampelekea."

"Na binti yake yuko wapi sasa?"

"Amepelekwa kwa bibi yake, ndani huko. Aagwe na wazee, kimyakimya. Mtu haondoki tu kama kuku. Jumamosi wanamaliza, Jumapili anarudi."

"Mama, kesho ndiyo mwisho. Mwambie huyo mama wa Sengerema atume pikipiki leo. Binti arudi, atie saini, halafu arudi kwa wazee wake. Hakuna atakayejua."

Akageuza macho kwa wanawake wa kulia, akageuza kwa wa kushoto, akashusha sauti.

"Nikituma pikipiki watauliza haraka ya nini. Mtu asiyesafiri hana haraka, mwalimu."

Nikafungua mkoba nikamwonyesha ule muhuri, nikidhani labda akiuona ataamini kwamba mambo yamekaribia hivyo. Akatupa upindo wa kanga yake juu ya mkoba wangu upesi, kama anayefunika chakula nzi wasitue.

"Ficha hicho," akasema. Na macho yake yalikuwa na hofu ambayo sijapata kuiona kwa mama mwingine, nikaufunga mkoba. Nilimuuliza jina la kijiji cha bibi. Akaniambia ni mbali, na njia ni mbaya. Niliuliza kwenye vijiwe vya bodaboda pale stendi, kila mmoja alimjua Mama Masanja, hakuna aliyekubali kujua kwa mama yake ni wapi. Nikarudi Mwanza na mchele alionipa kwenye mfuko.

Ijumaa nilimpigia Bi Hilde asubuhi nikamwomba hadi Jumatatu. Akaniuliza kuna shida gani. Fikirini mngekuwa ninyi. Nilitaka kumweleza, nikaanza, nikasikia maneno yangu yanavyotoka kwa Kijerumani, yanavyogeuka kuwa hadithi ya ajabu kutoka Afrika, nikaona namwaibisha yule mama ambaye sikuwa na ruhusa ya kumsema. Nikasema kuna jambo la kifamilia. Akasema pole, lakini kila mtu ana familia, na faili la mwaka linafungwa. Alikuwa mtu mzuri, msimchukie. Jioni alinipigia mwenyewe kuniambia imeshakwenda, na kwamba yule wa akiba alithibitisha papo hapo.

Jumatatu nilikuwa nasahihisha. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Sabina akaingia, akaufunga nyuma yake, akahakikisha umefungika, akachungulia na dirishani. Kisha ndipo akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akanisogelea mpaka karibu na sikio langu. Nywele zake zilinuka moshi wa kuni, na shingoni alikuwa na uzi mweusi ambao hakuwa nao Jumatano. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, umejaa furaha iliyofungiwa tangu likizo.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "nilipata."

Nimefanya mambo mengi katika kazi ile ambayo nisingependa kuyarudia. Hilo lililofuata ndilo la kwanza. Nilimwambia kwamba ilifungwa Ijumaa, tarehe iliyoandikwa chini kabisa ya ujumbe wake, mahali ambapo furaha haikumfikisha. Nilisema kwa Kiswahili, siyo Kijerumani, na nilisema taratibu, na bado aliniomba nirudie. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha wageni akatazama droo yangu, akaniuliza kama muhuri ulikuwa humo muda wote. Nikamwambia ndiyo, isipokuwa Alhamisi, Alhamisi ulikuwa kwenu.

Mwaka uliofuata nilimsihi aombe tena. Akaomba. Kwenye usaili walimwuliza mbona mara ya kwanza aliacha nafasi, na yeye, niliyemfundisha kusema "naweza", akatazama chini. Mwaka huohuo ile nafasi ya kanda ikaunganishwa na nyingine, na baadaye sikuiona tena kwenye matangazo. Mimi nikastaafu. Chumba chetu cha Kijerumani nasikia sasa kinawekwa madawati ya mitihani.

Najua mnasubiri niwaambie kwamba ujinga ndio uliomponza. Siwezi. Yule mama alikuwa amechimbiwa kaburi la mwanawe na watu waliokula mbuzi wake, akafanya kila alichokijua ili asichimbiwe la pili. Na hakuchimbiwa. Sabina yuko hai, mzima wa afya, na kwa hesabu za mama yake kinga ilifanya kazi. Ninachowaomba ni kidogo. Jambo lenu likija kwenye simu zenu, kimyakimya kama linavyokuja siku hizi, mtafute mtu mmoja wa kumwambia. Mmoja tu. Asiwe wa kijijini kama mnaogopa, asiwe wa darasani. Ndiyo maana wastaafu tupo. Niko Mkuyuni, nikichoka kulala nakaa barazani, na mdomo wangu wa Kihaya nimeufundisha kunyamaza ingawa ulikuwa mgumu sana kufundishika.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka msibani Bunda, gari likasimama Magu watu wanunue mchele. Nikamwona Mama Masanja palepale, na Sabina pembeni yake anapima. Alimaliza shahada yake, kazi hajapata. Kulikuwa na mteja mbele yangu, mwanamume aliyevaa suti ya kanisani, ambaye kwa dalili zote hakuwajua kabisa.

"Huyu ni wangu," Mama Masanja alikuwa anamwambia, sauti juu, wanawake wa pande zote wanasikia. "Huyu alichaguliwa kwenda Ujerumani. Kanda nzima walimchagua yeye peke yake."

"Hongera, mama," yule bwana akasema, akalipa, akaenda.

Mama Masanja akaniona. Tukasalimiana, tukapeana pole za msiba. Kisha nikashindwa kujizuia, nikamwuliza, "Mama Masanja, siku hizi unasema?"

"Nasema, mwalimu. Kila anayesimama hapa namwambia." Akapangusa masado yake. "Wataloga nini tena?"

Sabina hakuinua uso. Alijaza sado yangu, akaisawazisha kwa kiganja, akanimiminia kwenye mfuko, akaniongezea konzi moja ya juu kama wanavyowaongezea wateja wa siku zote.